Kamfupa ka Nyuma ya Sikio

Nilipokuwa mtoto, kwetu Mapera kichwa cha ng'ombe hakikuliwa ovyo. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyekikata. Nyuma ya sikio mna kamfupa kagumu kama jiwe. Ng'ombe anako, mbuzi anako, hata sisi watu. Gusa hapo kwako, utakasikia. Ka ng'ombe Bibi alikatoa kazima, kakafukiwa chini ya jiwe la kusagia.

"Humo ndimo ng'ombe anamotunza sauti ya mwenye kumfuga," alisema. "Ukikavunja, mtoto mdogo wa nyumba anazibwa sikio."

Pasaka moja baba akachinja dume, nikatumwa mimi kukafukia. Nikawaza, humu huenda mna uboho. Nikakagonga kwa jiwe. Uboho hamna, vilianguka vifupa vitatu tu, vidogo kama chenga za mchele. Nikaogopa, nikavitupa pamoja na kamfupa kenyewe shambani kwenye ngoro.

Wiki haikuisha, mdogo wangu Kosmasi akaanza kulilia sikio. Likatoa usaha unaonuka. Nyuma yake pakavimba, sikio likasukumwa mbele kama la mbuzi anayesikiliza.

Bibi akanitazama. "Wewe mlafi, kamfupa ulikaweka wapi?"

Nikasema yote.

Mama alishachukua kitenge amfunge mtoto mgongoni, ampeleke hospitali. Bibi akasimama mlangoni. "Mkwe wangu, daktari atafungua nini, na kilicholifunga sikio kiko huku? Kamfupa kwanza."

Mama alikuwa ameolewa pale. Akakiweka kitenge chini.

Tukafukua. Ngoro ni mashimo ya kulimia, mteremko mzima, nyasi chini, udongo juu. Utapata wapi kamfupa humo? Jioni narudi na kucha zimejaa udongo, Kosmasi anawaka homa, ananiuliza, "Dada, kameonekana?"

"Bado."

"Tafuta na kule kwenye maharage."

Siku ya tatu nikachoka kumwona Kosmasi hivyo. Nikaokota kipande cha mfupa wa mbuzi jalalani, nikakipaka udongo. "Bibi, haka hapa!" Nilijua sasa mama ataruhusiwa kwenda.

Bibi akapiga vigelegele, akakafukia kwa mikono yake. "Haya, tungoje. Usaha utakauka wenyewe."

Tukangoja, siku mbili nzima. Asubuhi ya tatu shingo ya Kosmasi ilikakamaa, nikimwita hageuki. Mama akamfunga mgongoni bila kuomba ruhusa ya mtu. Alirudi naye mgongoni vilevile, kitenge kimemfunika mpaka kichwani.

Miaka mingi niliamini ule mfupa wa mbuzi ndio uliomuua. Mpaka nilipozaa, muuguzi wa zahanati akaniambia usaha wa sikio ukiachwa unaingia mfupani, halafu unapanda kichwani. Angewahi, angepona. Nikahesabu zile siku kwa vidole. Zangu na za Bibi, zote zimo.

Bibi alikufa akiuliza Mungu alikasirikia nini, maana kamfupa tulikarudisha. Sikumwambia. Alikuwa akimpenda yule mtoto kuliko sisi wote.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alishika sikio akalia. Nilimbeba na uji bado mdomoni. Njia ya zahanati inapita kwenye shamba lile. Nilikimbia na uzee wangu huu, lakini macho yalikuwa chini, kwenye mashimo, yanatafuta.