Jina la Baba Lina Mwenyewe

Miaka ile ya ruksa, halmashauri iliamua kuibadilishia jina bustani ndogo iliyo karibu na boma la Newala. Ilikuwa bado ikiitwa kwa jina la mkubwa mmoja wa zamani, ambaye hata wazee hawakukumbuka alifanya nini zaidi ya kuhamishwa. Mtendaji wa kata akatangaza kwamba safari hii wananchi wenyewe watachagua. Wakapendekeza jina la marehemu baba yangu. Habari ilinikuta Masasi nilikokuwa nafundisha, nikaomba ruhusa ya siku mbili, nikapanda Newala kichwa juu.

Baba alikuwa mtunza bustani pale. Alipopunguzwa kazi, wenzake walirudi kwenye mikorosho yao, yeye akaendelea kumwagilia bila mshahara. Mabomba yalikuwa yakikauka miezi mizima, basi alishuka bondeni na baiskeli, akaipandisha mlima kwa kuisukuma, madumu mawili nyuma, kwa ajili ya miche isiyokuwa yake. Mama alimnunia kwa hilo mpaka baba alipofariki, na mimi nilimcheka pamoja na mama. Ndiyo maana nililitaka bango lenye jina lake pale bustanini. Nilitaka kumwomba radhi mahali ambapo kila mtu angeona.

Mkutanoni nilitia sahihi karatasi ya mtendaji ya kuridhia jina, kama mtoto wa marehemu. Shangazi yangu, dada yake baba, akasimama kabla wino haujakauka.

"Mwanangu, kusoma umesoma," alisema, "lakini jina hilo si lako kulitoa."

Alisema kweli, na nilijua. Kwetu jina la mwanamume hubaki kwa ukoo wa mama yake. Baada ya matanga, ukoo ulimrithisha binamu yangu, mtoto wa shangazi huyo huyo, jina la baba, na tangu hapo yeye ndiye baba. Nilipaswa kumwamkia shikamoo, mtu niliyembeba mgongoni. Sikuwahi. Msimu wa mabibo ukifika alikuwa habanduki kwenye vilabu vya uraka, pombe ya mabibo hayo, nami sikuona kwa nini jina la mtu wa kazi livalishwe mtu wa kilabuni.

Mtendaji, mgeni kutoka bara, alikuna kichwa. "Basi tumwulize mwenye jina."

Binamu yangu alikuwa amekaa nyuma kabisa, hajalewa siku hiyo, shati limefuliwa. Mtani wake mmoja wa Kimakua akadakia, "Mkimwandika huyu, miti itagoma kunywa maji, itadai uraka." Watu wakacheka, na yeye akacheka. Kisha akasimama.

"Mjomba aliniachia jina limenyooka," alisema taratibu. "Mimi nimelipinda. Mkiliandika leo, kila atakayepita atanisoma mimi. Ngojeni nife. Siku mkinizika, kabla hamjamrithisha mwingine, liandikeni. Hapo litakuwa la mjomba."

Hakuna aliyebisha. Mkutano ukakubaliana kwamba kwa muda iitwe Bustani ya Wananchi, mtendaji akaichana karatasi yangu bila ubaya wowote, na watu wakaanza kuagana. Mimi nilikuwa bado namtazama binamu yangu: mashavu yaliyobonyea, macho ya manjano, miguu iliyovimba ndani ya kandambili. Naona haya kuandika hili, lakini nilikuwa napiga hesabu. Nilijiambia huyu hamalizi misimu miwili ya korosho. Moyo wangu ukatulia, na nikajichukia kwa jinsi ulivyotulia.

Alinifuata nilipokuwa nafunga kanga vizuri ili niondoke. Akanipa mkono, nao ulikuwa mwepesi.

"Mwanangu," alisema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Usichoke kunisubiri. Sitakuchelewesha."

Nilipaswa kumwambia aishi. Nilikuwa na maneno yote ya mwalimu kinywani, ya hospitali ya Ndanda, ya kuacha pombe, ya Mungu. Nikamwambia, "Asante."