Sokwe Aliyegusa Mshono Wake

Kazini walimwita Mama Funguo, maana kwa miaka kumi na mmoja funguo za vizimba vyote vya maabara zilining'inia kiunoni mwake. Alilisha sokwe, akapiga deki, akaenda zake nyumbani kwa mumewe, fundi cherehani mwenye mdomo usiotulia. Habari za kazini hakuwahi kuziota.

Asubuhi moja daktari mkuu aliagiza kioo kirefu kifungwe katika kizimba cha tatu. Humo alikaa sokwe jike aliyepasuliwa kichwa wiki iliyopita, akapandikizwa kidude cha chuma na kushonwa nyuzi nane. Siku mbili alikitishia kioo, akakirukia, akachungulia nyuma yake. Siku ya tatu Mama Funguo alikuwa amepiga magoti akisugua ujia mbele ya nondo, ghafla akahisi kimya. Akainua uso.

Sokwe alikuwa ameketi mbele ya kioo, akiutazama mshono ambao hakuwahi kuuona. Hakugusa kioo. Alipeleka kidole kichwani mwake mwenyewe, akaufuata uzi mmoja baada ya mwingine mpaka wa mwisho, kisha akakinusa kidole. Halafu, humo humo kiooni, akamtazama yule mwanamke aliyekuwa nyuma yake.

Brashi ikamponyoka Mama Funguo.

"Alikuwa anajikuna tu," mumewe alimwambia jioni. "Hata mimi nikijiona kwenye kioo najikuna."

"Hukumwona, Baba Watoto. Amejua ni yeye, na amejua katendwa kitu. Na siku ile ya kupasuliwa mimi ndiye niliyemshika mikono."

Mumewe aliacha kucheka.

Kesho yake Mama Funguo alimfuata daktari ofisini. "Daktari, yule wa kizimba cha tatu anajijua."

"Tunajua, mama," daktari alijibu, macho kwenye karatasi. "Kioo tuliweka kupima hilo hilo. Alhamisi tunampasua upande wa pili. Mwandae."

Hapo ndipo hofu ilipomwingia hasa. Alidhani amegundua siri, kumbe siri wanayo siku nyingi na visu vyao viko pale pale.

Alhamisi kitoroli kilipoingia na sindano zake, sokwe hakupiga kelele. Alirudi kwenye kona, akaufunika mshono kwa viganja vyote viwili. Mama Funguo akaegemea mlango wa kizimba.

"Simfungui."

"Mama, usinitafutie balaa."

"Nifukuze, daktari. Simfungui."

Mara vidole vikapita kati ya nondo, vikamkamata gauni mgongoni. Mkono ule ungeweza kumvunja shingo. Aliganda, asijue amwogope nani zaidi, wa mbele au wa nyuma. Vidole havikumvuta. Vilishikilia tu, vikitetemeka kama yeye.

Siku hiyo daktari aliahirisha. Jumamosi wengine wakampasua, funguo zikiwa kwa mtu mwingine.

Sokwe alipona. Mama Funguo alihamishiwa chumba cha kufulia, na hakuthubutu kwenda kumwona, japo jengo ni lile lile. Siku hizi mbuzi wa jirani akimkazia macho njiani, kana kwamba naye anajijua, huvuka upande wa pili, na mumewe hamtanii tena.