Kadi Mpya Ndani ya Kamera ya Zamani

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kamera. Nilipewa kitambaa laini, brashi ndogo na mkebe wa kadi za kumbukumbu, hizi ambazo kila mtu sasa huziita memori kadi, nikaambiwa nisafishe vile vibati vyake vya mgongoni vinavyogusana na kamera, kimoja baada ya kingine. Ilikuwa studio ya picha mjini Meru, ghorofa ya pili, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya kanisani nikidhani kufikia saa sita nitakuwa napiga picha za maharusi. Saa sita ilipofika nilikuwa bado napangusa kadi.

Aliyenipa kazi hiyo ni Fundi Mkuu, Bwana Njeru, mtu wa Embu, mrefu na mpole, mwenye miwani aliyoitundika shingoni kwa uzi. Yeye alikuwa ameanza na filamu na chumba cha giza. Kamera za kidijitali zilipoingia, wengi wa rika lake walirudi nyumbani wakalima kahawa. Yeye alibaki, akajifunza upya akiwa na mvi kichwani, na hakuona haya kuuliza. Nimefanya kazi chini ya wakubwa kadhaa tangu siku ile, lakini mtu akinitajia neno mkubwa, sura inayonijia ni yake.

Jioni aliniuliza nimeona nini katika zile kadi. Nikamwambia zote zinafanana. Akachagua tatu akazipanga mezani, akanionyesha herufi ndogo zilizoandikwa usoni mwake.

"Kuingia mlangoni si kukaribishwa," akasema. "Kadi inaweza kuingia ndani ya kamera ikakaa sawasawa, na kamera isijue kuiandikia."

Akanieleza kwa utaratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Kadi za kwanza zilikuwa ndogo, za giga mbili kurudi chini. Zikaja za kizazi cha pili, mpaka giga thelathini na mbili. Zikaja za tatu, za giga sitini na nne na zaidi, ambazo ndani zimepangwa kwa namna nyingine kabisa. Umbo ni lile lile. Kamera mpya huzisoma zote, lakini kamera ya zamani huijua ile ya wakati wake na za kabla yake tu. Tena kuna mwendo: kamera inayopiga picha kwa haraka ikipewa kadi ya polepole, picha hupanga foleni ndani ya kamera zikisubiri kuandikwa, na ukizima kabla foleni haijaisha, ya mwisho hukatika katikati.

Studio ilikuwa na daftari gumu. Kila kamera ilikuwa na ukurasa wake, na kila kadi iliyojaribiwa nayo iliandikwa pale. Kujaribu maana yake ilikuwa kuijaza kadi mpaka ikatae, kisha kufungua kila picha kwenye kompyuta, moja moja, bila kuruka. Ni kazi ya kuchosha macho. Niliifanya miaka mitatu kabla ya kutumwa kwenye tawi.

Tawi la kwanza lilikuwa Maua. Kule watu hawana subira. Mtu ameamka kabla ya mapambazuko kupakia miraa kwenye pikapu, na akija kupiga picha ya pasipoti anataka aondoke nayo. Meneja wa tawi alikuwa mama mmoja mkali ambaye hakuwahi kunikaripia mbele ya mteja hata siku moja. Ni kule nilikojifunza kuhusu kadi za uongo. Kadi imeandikwa giga kumi na sita usoni, kumbe ndani ni mbili. Kamera huendelea kuandika bila kulalamika, na zile mbili zikijaa, picha mpya huandikwa juu ya za zamani au hupotea tu. Tulizijua kwa kuzijaza. Hakuna njia nyingine ya kuijua kadi ila kuijaza.

Baada ya Maua nilipewa Nkubu, tawi dogo la wapigapicha watatu, mimi nikiwa msimamizi. Ndipo nilipokosea.

Mwalimu mmoja wa kike, Gatwiri, alikuja kutuomba tupige picha za wazazi wake huko Githongo. Walikuwa wamemaliza miaka hamsini ya ndoa na kanisa lilikuwa linawabariki upya. Aliniambia jambo moja kwa uzito: baba yake, Mzee M'Ikiara, hakuwahi kukubali kupigwa picha. Wakati wa harusi yake hapakuwa na kamera, na baadaye alizoea kukimbilia shambani kwenye kahawa kila kamera ilipotokea. Picha yake pekee ilikuwa ile ya kitambulisho. Safari hii mama yake alikuwa amemwomba, naye amekubali.

Jumamosi hiyo wenzangu wawili walikuwa shuleni kwenye sherehe ya kufunga muhula, na kadi zote zilizojaribiwa walikwenda nazo. Nilibaki na kamera kuukuu na kadi moja mpya ya giga sitini na nne, kati ya zile ambazo ofisi kuu ilikuwa imetununulia juzi. Sikuwa nimeijaza. Nilipoichomeka, kamera ilisema haiitambui, ikauliza kama iifomati, yaani iifute na kuipanga upya kwa namna yake. Nikakubali. Nikapiga picha ya mlango, ikaonekana vizuri kwenye kioo cha nyuma. Nikajiambia imetumwa na ofisi, imefungwa kwa plastiki yake, itakuwa na shida gani?

Baada ya ibada, nyumbani kwake, Mzee M'Ikiara alikuja mbele ya kamera akiwa na koti la kijivu na kofia mkononi. Nilimpiga picha akiwa ameketi na mkewe barazani, nikawapiga wamesimama, nikawapiga na wajukuu. Zilipita picha mia mbili na kidogo. Kila moja ilionekana kiooni. Sikujua wakati huo kwamba kamera hukuonyesha picha ikiwa bado imeishika yenyewe, kabla haijaiandika kwenye kadi.

Jumatatu asubuhi nilifungua kadi kwenye kompyuta. Za kanisani, nilizoanza nazo nikiwa nyuma ya watu, zilikuwa nzima, lakini humo Mzee alionekana mgongo tu. Za nyumbani zilikuwa na kichwa na mabega, na kuanzia hapo kwenda chini ni kijivu kitupu. Nyingine zilikataa kufunguka. Kompyuta ikaniuliza kama irekebishe kadi. Kidole kilikuwa tayari, nikakirudisha. Nikampigia simu Fundi Mkuu, ambaye wakati huo alikuwa amehamishiwa maabara yetu kuu Embu.

Hakuuliza nani alaumiwe. Aliniambia nisikubali kurekebisha chochote, maana kurekebisha huandika juu ya kilichobaki, nitoe kadi, nishushe kile kifungo kidogo cha ubavuni kinachoizuia isiandikwe tena, niifunge ndani ya karatasi, nimpelekee mwenyewe.

Jumanne saa tatu nilikuwa Embu. Kabla hata hajaipokea kadi, Fundi Mkuu aliniuliza kama nimemwambia mwenye picha. Nikasema bado, nangoja kwanza tuone kama zitapatikana. Wakati huo Meneja Mkuu alikuwa ameingia, mtu mwerevu wa biashara aliyeitunza kampuni yetu miaka mingi. Aliposikia, akashauri tumwambie mteja stima ilipotea na kompyuta ikaharibika. Kwamba ni jambo la kawaida, watu wataelewa.

Fundi Mkuu alivua miwani.

"Meneja, stima haikupotea," akasema. "Kadi tuliyonunua sisi haipatani na kamera tuliyo nayo sisi, na huyu Karimi hapa hakuijaribu. Mambo ni hayo mawili. Nitayaandika hivyo kwenye ripoti."

Meneja Mkuu akatoka. Mimi nikatamani sakafu inimeze, kwa sababu kosa langu lilikuwa limesemwa pamoja na la mkubwa, kwa sauti ile ile. Fundi Mkuu akanisogezea simu ya mezani.

Nilimweleza Mwalimu Gatwiri kila kitu. Akasema baba yake alikuwa amepelekwa hospitalini Jumapili jioni, kifua kimembana, naye, bintiye, hangeweza kufikiria picha kwa wakati huo. Akanishukuru kwa kumwambia.

Fundi Mkuu hakuigusa ile kadi kwa pupa. Kwanza alichukua nakala yake nzima, si ya picha, bali ya kila alama iliyokuwa ndani, hata mahali palipoonekana patupu, akaihifadhi kwenye kompyuta. Kadi yenyewe akairudisha kwenye karatasi. Kuanzia hapo alifanya kazi kwenye nakala, ili akikosea asiongeze jeraha. Kisha akanionyesha jambo ambalo sikulijua miaka hiyo yote. Nilikuwa nimepiga picha ghafi, yaani zile ambazo kamera huhifadhi mwanga wote bila kuupika. Ndani ya kila faili ya picha ghafi, karibu na mwanzo wake, kamera huweka pia picha nyingine ndogo iliyokwisha kupikwa, ya kutazamia tu. Faili ikivunjika kiunoni, huenda ile ndogo ya kichwani imesalimika.

Tukaanza kuzitafuta. Programu ilipita kwenye nakala ikitafuta alama zinazoonyesha mwanzo wa picha, nasi tukakagua kila ilichookota. Nyingi hazikuwa kitu. Fundi Mkuu hakuwahi kuguna. Alikuwa anaandika namba, anavuta mstari, anaendelea.

Jumatano mchana Mwalimu Gatwiri alinipigia. Alisema baba yake ameaga dunia asubuhi. Halafu akaniuliza, bila hasira, kama kuna picha yoyote iliyopatikana, hata moja, kwa sababu mazishi yangekuwa wiki ijayo na ya uso waliyokuwa nayo ni ile ya kitambulisho.

Nilimpasha Fundi Mkuu habari. Akaniambia nikale, kwa sababu macho yenye njaa huruka mambo. Nilikula. Tuliporudi tulianza upya kutoka mwanzo, ili tusitegemee tulichodhani tumekwisha kukiona.

Alhamisi kabla ya saa sita, picha moja ya barazani ilifunguka, nzima kutoka juu hadi chini. Zile ambazo niliwapanga vizuri wakitazama mbele zilikuwa zimekwenda zote. Hii ilikuwa ile ambayo kwa kawaida ningeifuta. Mzee alikuwa amechoka kungoja, ameacha kuitazama kamera, amemgeukia mkewe kumtengenezea kitambaa cha kichwani kilichokuwa kimelegea. Uso wake ulionekana vizuri kwa upande. Alikuwa anacheka. Ilitosha kuchapishwa kwa ukubwa wa ukurasa wa daftari la shule, na Fundi Mkuu aliichapisha kwa mkono wake, mara tatu, mpaka rangi ya lile koti ikakubali.

Niliipeleka Githongo mimi mwenyewe, pamoja na za kanisani. Nyumba ilikuwa imejaa majirani. Mama yake Mwalimu Gatwiri alikuwa ameketi na wanawake wenzake, nikapiga magoti karibu naye nikamwambia kwa Kimeru kwamba nyingi zimepotea, kwamba kosa ni langu, na kwamba hii ndiyo iliyobaki. Nilisema nasikitika kwamba Mzee hatazami mbele.

Aliishika kwa mikono miwili. Akaniambia, "Mwari, binti yangu, watu walimwona akitazama mbele. Hivi ndivyo nilivyomwona mimi."

Ndiyo iliyowekwa juu ya jeneza.

Ripoti ya Fundi Mkuu iliandikwa kama alivyosema, makosa mawili, mstari mmoja kila kosa. Lazima nimtendee haki Meneja Mkuu pia: aliisoma, akazikusanya kadi zile kutoka matawi yote, na mwezi uliofuata alikuja Nkubu kunisalimia na kuniuliza ni kadi za aina gani anunue. Mkubwa anayekubali kuuliza baada ya kukosea, mheshimu. Mimi nilishushwa cheo kwa miezi sita, na sikulalamika.

Miaka ilipopita niliitwa Embu nikawa msaidizi wa Fundi Mkuu, na alipostaafu kwenda kwake Runyenjes nilikikalia kiti chake miaka tisa. Niliwafundisha vijana wengi. Wengine sasa wanajua kuliko mimi, na hilo linanifurahisha. Kamera za leo zinasoma karibu kadi zote, na picha nyingi hazipiti hata kwenye kadi. Lakini bado nasikia mtu amenunua kadi kubwa sokoni akaitia kwenye kamera aliyoachiwa na mjomba, akaenda nayo kwenye ruracio, sherehe ya mahari, bila kuijaribu.

Nimestaafu sasa, niko nyumbani karibu na Nkubu, na ng'ombe wawili na kahawa kidogo. Watu bado huja. Anakuja mama ameshika kadi ndani ya leso kama dawa, au kijana ambaye kompyuta imemuuliza kama irekebishe naye akakubali. Mimi huwakaribisha chai, kisha huwaambia kwanza kwamba huenda nisipate kitu, na kama ni mimi nitakayeharibu zaidi, nitawaambia pia.

Halafu, kabla sijaichomeka, huuliza ni nani yumo. Watu hudhani nauliza ili nijue picha ya kutafuta. Wanaanza kunieleza, ni baba, ni mtoto wetu wa kwanza, ni shangazi aliyetulea, na wakiwa wanaeleza huwa sigusi kompyuta. Nawasikiliza mpaka wamalize. Wapo niliowarudishia kadi tupu, lakini hakuna aliyeondoka kwangu kabla hajasema jina la aliyemo.