Nyama ya Jumamosi ya Evodia

Asubuhi ya mwisho ilikuwa ya kawaida tu. Melkiori alikunywa chai isiyo na sukari, akanuna kama alivyonuna kila asubuhi kwa mwaka mzima.

"Mgonjwa ni mkamwana, anayenyimwa sukari ni mimi," alimwambia mkewe.

"Kunywa, mzee," Evodia akajibu. "Utamu uliokula ujanani unakutosha."

Sukari aliiondoa Evodia nyumba nzima, ili mkamwana wao Marietha asijione ametengwa. Evodia akajifunga kitenge, akachukua kisu na ungo, akashuka bondeni kukata mchicha. Ilikuwa Jumamosi, siku ya nyama ya nguruwe. Melkiori aliagizwa asichelewe buchani kwa Antipasi, maana mnofu wa mgongo huisha mapema.

Saa nne watu wakampandisha Evodia kutoka bondeni kwenye pikipiki, katikati ya watu wawili. Alikuwa ameanguka kwenye tuta la mchicha. Kufika hospitali, kumbe roho ilishatoka njiani. Presha, walisema. Melkiori alikuwa bado ameshika mfuko wa nyama. Mtu akamtoa mfuko mkononi taratibu, na Melkiori hakujua nyama ile ilikwenda wapi.

Evodia hakusoma, wala mumewe hakusoma. Walilima vitunguu pale Nduguti miaka arobaini na mbili. Hakuwa mwanamke wa maneno matamu. Akikupenda alikujazia sahani, na ukisema umeshiba aliongeza kijiko kimoja, kisha akakukalia mbele mpaka kiishe.

Hapo ndipo kosa lake lilipoanzia.

Mwana wao Benjamin alimuoa Marietha, binti wa Unyambwa, kule Singida mjini. Mwaka wa kwanza mtoto hakuja, wa pili vilevile. Evodia alilelewa akijua kwamba mwanamke anayetafuta mtoto ananenepeshwa. Basi akamnenepesha. Asubuhi uji mzito wa karanga, sukari vijiko vitano. Mchana ugali mlima. Jioni nyama ya nguruwe, kipande chenye mafuta mengi kuliko vyote, na soda juu yake. Marietha hakuweza kukataa chakula cha mama mkwe. Alikula miezi minane. Mwili ukafura, uso ukajaa chunusi, siku zake zikapotea miezi mitatu mfululizo. Ndevu zikamwota kidevuni, akawa anazing'oa kwa siri nyuma ya choo. Evodia alimkuta huko siku moja. Kesho yake walikwenda kliniki pamoja.

Nesi aliyeitwa Yunisi aliwaeleza pole pole. Ugonjwa una jina la herufi nne, PCOS. Homoni zimepishana, mayai hayapevuki kwa wakati wake, na mwili unahangaika na sukari. Uzito ukipanda, hali inazidi. Hauna dawa ya kuumaliza siku moja, lakini unatulizwa, kwa dawa ya daktari, kwa kutembea, na kwa chakula. Wengi wanapata watoto, wengine wanachelewa. Kisha nesi akauliza Marietha anakula nini. Aliyejibu ni Evodia, chakula kimoja kimoja, hakuficha hata kijiko.

Aliporudi nyumbani alikaa kizingitini, hata kitenge cha safari hakuvua. Melkiori alimwona analia mara ya pili katika maisha yao. Mara ya kwanza walikuwa wamezika mtoto.

Lakini Evodia hakuwa mtu wa kukaa kizingitini siku mbili. Nesi alikuwa amesema nguruwe haikatazwi, ila mafuta yaondolewe na mboga ziwe nyingi. Evodia akaanza kujaribu. Aliukata mnofu wa mgongo ukafunguka kama mkeka, akauponda kwa mchi mpaka ukalainika. Ndani akatandaza mchicha uliochemka na kukamuliwa, vitunguu, karoti, tangawizi, na mbegu za alizeti zilizomenywa na kukaangwa bila mafuta. Akaviringisha, akafunga kwa uzi, akaweka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, hadi ndani isibaki hata alama ya wekundu. Pembeni mlenda, na ugali wa uwele kama ngumi ya mtoto.

Jirani yao Abdulmajidi, mnunuzi wa vitunguu, alikuwa akisimama nje ya uzio kila Jumamosi na kusalimia kutoka huko huko. "Shemeji, leo nakusalimia kwa mbali. Harufu ya mboga yako inataka kunibadilisha dini." Evodia alicheka mpaka akashika kiuno. Jumapili alimpelekea kuku mzima, amchinje mwenyewe.

Wifi yake Rebeka hakucheka. Alikuja akaona sahani ya Marietha, akauliza kama wameoa mtu au wanafuga mbuzi, mbona wanamlisha majani.

"Mbuzi wako wanazaa mapacha kwa majani haya haya," Evodia akamwambia, na akaendelea kugeuza makaa.

Mwaka ulipita hivyo. Uzito wa Marietha ulipungua, siku zake zikaanza kurudi, mwezi huu zipo, mwezi ujao hazipo, kisha zipo tena. Mtoto bado. Evodia hakuuliza habari za mtoto. Aliuliza, "Umetembea leo?"

Kisha ndiyo ile Jumamosi ya mchicha.

Matanga yakaisha. Watu wakaondoka na mikeka yao. Marietha alianza kunywa chai ya sukari na maandazi, asubuhi na jioni, nyama hakuigusa. Kliniki hakwenda. Rebeka alibaki nyumbani wiki mbili, na kila siku alikuwa na neno: kwamba ukoo hauwezi kukaa hivi, kwamba Benjamin bado kijana, kwamba kuna binti mmoja anamjua. Benjamin alichukua jembe akaenda kwenye vitunguu. Ijumaa moja Melkiori akapita mlangoni kwa mkamwana akaona begi limefungwa zipu, na viatu viko juu yake. Alijua gari la asubuhi la Jumapili linakwenda Singida.

Alikaa na jambo hilo siku nzima, asijue la kusema. Maneno hakuwa nayo hata alipokuwa na mke.

Jumamosi alikwenda kwa Antipasi akaomba mnofu wa mgongo. Antipasi alimpimia, akaondoa mafuta yote bila kuagizwa.

Kwa watu wa rika lake, baba mkwe haingii jikoni kwa mkamwana, wala hamtazami anapokula. Ni heshima ya tangu zamani, na Melkiori hakuwahi kuivunja. Siku hiyo aliingia. Aliufungua mnofu ukatoboka mara mbili. Mchicha hakuukamua sawasawa, maji yakachuruzika. Kufunga kwa uzi kukamshinda, kila akivuta unafumuka. Akaenda stoo akaleta shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, na kamba yake, akaziosha kwa maji ya moto. Akaushona mnofu kama gunia la vitunguu, mishono mikubwa ya kupishana, na fundo la sokoni mwishoni. Ushonaji mwingine hakuujua.

Marietha alimkuta amepiga magoti anapuliza makaa. Akarudi nyuma mlangoni.

"Baba, toka humo. Watu watatuona."

"Wacha waone."

"Shangazi yupo."

"Na yeye aone."

Rebeka aliona kweli. Alisimama uani mikono kiunoni, akasema kaka yake amechanganyikiwa kwa msiba. Melkiori aliongeza makaa juu ya mfuniko.

Ilipoiva aliikata. Imepasuka upande mmoja, na chumvi imezidi. Akaijaribu katikati kwa kisu kama alivyomwona mkewe akifanya, akaona imeiva. Akamwekea Marietha sahani, mboga nusu nzima, ugali kidogo. Kisha akageuza kigoda, akampa mgongo, akatazama ukuta, ili ale.

Akasikia Marietha anatafuna. Halafu akasikia anajizuia kulia, hawezi.

"Haifanani na ya mama," Marietha alisema.

"Najua."

"Baba, mtoto anaweza asije kabisa. Nesi hakuniahidi."

"Najua hilo pia. Kula."

Akala tena kidogo. Alitoa kamba ya gunia mdomoni, akaiweka kando ya sahani. Kisha akauliza nani amemtuma kuingia jikoni, maana yeye si mtu wa kuvunja heshima kwa mawazo yake mwenyewe.

Melkiori alishika magoti yake. Akamwambia kwamba ilikuwa Jumamosi moja ya kiangazi, Evodia anafunga nyama yake, na hakuinua hata macho aliposema. Akayatamka maneno kama yalivyotoka kinywani mwa mkewe:

"Huyu mtoto nilimlisha vibaya miezi minane, na hakunilaumu. Nikiondoka kabla sijamaliza kumlisha vizuri, umalizie wewe."