Kazi ya Kusoma Bila Akili

Katika maisha yangu yote ya shule nimesifiwa mara moja tu, na nilisifiwa kwa kutotumia akili.

Mwaka jana misheni ilituletea ordinateur, yaani kompyuta, ya kuhesabu pointi za buletini, zile karatasi za matokeo, pamoja na kitabu chake cha maelezo, kinene kama tofali. Mwalimu wa hesabu haamini mashini ambayo haijafanya mtihani. Akatuita, mimi na jirani yangu wa benchi, binti wa askari wa Base, kambi ya jeshi.

"Musisome kama bantu, musome kama mashini. Kila mahali kitabu kinasema 'kama', mukate ile sentensi, mutoe majaribio mawili: moja kama njo vile, ingine kama hapana vile. Musifikiri."

"Citoyen mwalimu," nikasema, "kwa kutofikiri, minyi niko na diplome."

Hakucheka. Jirani yangu alicheka kwa niaba yake.

Tulikata sentensi mpaka nikaanza kukata na za mama. Kama unachelewa, hapana bukari. Nilichelewa: nikalala njaa. Niliwahi: bukari iko, ugali mzima. Mama hana kasoro.

Halafu kitabuni ikatokea hii: kama mwanafunzi alikosa mtihani kwa ruhusa, nafasi iachwe wazi, mashini haitahesabu somo lile. Mwenye akili angeiruka. Sisi tukakata. Tukamtunga mwanafunzi wa uongo, tukamwingiza mashinini. Nafasi wazi: anapanda darasa. Tukaweka sifuri: anaanguka mwaka.

Jirani yangu akaacha kucheka. Yeye alikosa jiografia, malaria ilimlaza hospitali, ruhusa alikuwa nayo. Lakini shuleni kwetu secrétaire, karani wa ofisi, haachi nafasi wazi hata siku moja. Anajaza sifuri, ili mjanja fulani asijiongezee pointi. Na baba wa jirani yangu alikuwa ameapa: binti akianguka, anarudi Équateur, mkoa wao wa mbali, kwa shangazi, shule imekwisha.

"Weye," akaniambia polepole, "ile mutu ya uongo njo minyi."

Tukakimbia kwa mwalimu, naye akatuongoza ofisini kabla buletini hazijachapwa. Secrétaire akatazama majaribio yote mawili, akaninung'unikia mimi, sijui kwa nini mimi, kisha akafuta sifuri za wagonjwa wote.

Mwaka huu bado tuko benchi moja. Wakati wa mtihani anafunika majibu yake kwa mkono nisiige, kama zamani. Ninamshukuru Mungu kwa ule mkono.