Chumvi Iliyofuliwa

Mtaani walimwita Mama Povu, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko gauni lolote alilowahi kulipiga pasi. Alikuwa dobi tangu ujana wake, na mikono yake haikujua kukaa bure. Akimaliza mashuka ya watu alifua mapazia; akimaliza mapazia aliosha viatu vya mwanawe mpaka vikambana. Paka wa jirani akimwona tu, anageuza njia.

Basi mama huyu, akinunua chumvi ya mawe dukani, hakuamini hata kidogo kwamba ni safi. Aliimwaga kwenye chujio, akaisuuza, akaisuuza tena, kisha akaianika juu ya bati, jirani na kamba ya nguo. Ikikauka ilimeta.

"Chumvi ya nyumba hii," aliwaringia majirani, "hata bwana harusi anaweza kuivaa."

Mkwewe aliposhika mimba ya mjukuu wa kwanza, Mama Povu nusura apasuke kwa furaha. Lakini binti wa watu alichoka isivyo kawaida, akawa anasinzia hata akiwa amesimama, na shingo ikaanza kuvimba kwa mbele. Kliniki wakampima damu, daktari akamwandikia vidonge vya tezi. Nesi naye akauliza, "Mnatumia chumvi gani nyumbani?"

"Safi!" akadakia Mama Povu.

Nesi akawaambia walete kidogo aipime. Mjamzito anahitaji madini joto, yale yanayotiwa kwenye chumvi, mengi kuliko mtu mwingine, alisema. Tezi ya shingoni inayatumia, na mtoto aliye tumboni anayategemea ili ubongo wake ukue vizuri.

Kesho yake wakaileta. Nesi akadondoshea dawa chumvi yake ya kliniki, ikageuka buluu. Akaidondoshea ya Mama Povu, ikabaki nyeupe pee.

"Hii haina kitu, mama. Ilitakiwa igeuke buluu."

Mama Povu alirudi nyumbani amefura. Buluu? Yeye, aliyetia buluu mashati ya mji mzima, leo aambiwe ameshindwa na buluu! Akakoroga buluu ya kufulia, akaigeuzageuza chumvi humo, akaianika kwa moyo mweupe kabisa. Jioni akapita mwanawe, fundi baiskeli, mtu asiyeweza kukipita kitu bila kukionja.

Asubuhi walikwenda wote watatu. Mama Povu akafunua bakuli kwa mbwembwe. Nesi akachungulia, akairudisha chupa ya dawa mfukoni.

"Mama, mbona imegeuka kabla sijaigusa?"

"Nimekupunguzia kazi, mwanangu."

"Kuna aliyeila?"

Fundi baiskeli akatoa ulimi polepole. Ulikuwa buluu kama sare ya shule.

Nesi alicheka mpaka akashika meza. Alipopata pumzi akampeleka fundi kwa daktari atazamwe, akaimwaga ile chumvi, kisha akauliza ilikuwaje kabla ya kutiwa buluu.

"Mama huwa anaiosha," mkwe akasema kwa sauti ndogo. "Halafu anaianika juani."

"Anaiosha? Mama, hayo madini yamepakwa juu ya chumvi. Ukiisuuza, yanakwenda na maji."

Mama Povu akaitazama shingo ya mkwewe. Muda wote ule alikuwa akimwaga mtaroni kile alichokihitaji mjukuu wake, tena kwa bidii. Machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

"Nisamehe, mwanangu. Nilidhani nakutunza."

"Ulinitunza, mama. Ulizidisha tu."

Tangu siku ile chumvi ilikaa kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na jua na moto, na ilitiwa chunguni pale tu chakula kikikaribia kuiva. Mama Povu alilipita lile kopo huku mikono ikimwasha, lakini hakuligusa kwa maji. Mkwe naye alimeza vidonge vyake, uchovu ukapungua, akaanza hata kugombana na mumewe kama zamani.

Mtoto alizaliwa na kilio cha kuamsha wodi nzima. Mama Povu akafika mbio na beseni, sabuni na taulo.

"Mama, leo haogeshwi," nesi akamwahi. "Huo utando mweupe unailinda ngozi yake."

Mama Povu akamtazama mjukuu, utando kuanzia utosini hadi vidoleni. Mikono ikamwasha kuliko siku zote. Akaificha mgongoni.

"Usinieleze zaidi," akasema. "Naye ni chumvi huyu."

Akalipindua beseni, akalikalia, akampokea mjukuu wake vilevile alivyokuja.