Mafuta nyeusi ya Mama Josée

Miye pia najua kama bantu haiko bapanya, yaya Mado, dada yangu mukubwa. Lakini mwalimu wa biologie alituelezea: bapanya ya mimba balipewa sumu yenye inakuwaga mu mafuta ya zamani ya transfo, ile mashini kubwa ya umeme, na batoto balizaliwa badogo sana. Ile sumu haitokake mbio mu mwili.

Njo maana, leo ku soko, nilipoona mafuta nyeusi mu sufuria ya Mama Josée, ule bibi ya askari mwenye kupika mikate na mimba yake ya myezi munane, nilizania ni ya transfo, sikuuliza kitu. Nilimwanga yote chini, mbele ya bakiriya.

"Profesa," mumoja akaniuliza, "na chai yetu nyeusi, utaimwanga pia?"

Mama Josée alinitazama pole. "Mutoto, ile ni mafuta ya ngazi, ya mawese. Niliipikia mara mingi, njo inakuwa nyeusi. Ya transfo iko kwenu. Yaya yako anaipakalaga ku mugongo juu ya maumivu, na ile mimba yake. Alitaka kunipatia, nikakatala."

Nilikosa fasi ya kuficha uso. Yaya, kesho asubui, kabla uamuke, nitapeleka ile chupa yako ya mafuta ya transfo kwa mwalimu, ajue fasi ya kuitupa. Kiisha nitamubebea Mama Josée mafuta yetu ya kupikia, nimuombe pardon palepale ku soko.